Naomba ushauri: nishuke hadi kilo 52 ama nipande 57?

Wadau wa judo hamjambo, naombeni mawazo yenu maana hapa nimekwama. Mimi ni dada wa miaka 23, nafanyia mazoezi hapa Kisumu, na nimepata nafasi ya mashindano ya kimataifa ya wanaume na wanawake, zimebaki wiki tano tu. Shida ni kilo. Saa hii niko 54.5 na kwetu wanawake madaraja ya uzito ni 48, 52, 57, 63 halafu mengine ya juu zaidi, yaani niko hapo katikati kama abiria wa mlangoni. Kocha anataka nishuke 52 lakini mwaka jana nilijaribu, nikawa naruka chakula cha jioni na kukimbia na sweta mbili mpaka Dunga na kurudi, nikafika kweli lakini kushika kola ya mtu nikashindwa, vidole vilikuwa kama ugali wa maji. Nikienda 57 nao watakuwa wamenizidi nguvu, na pigano ni dakika nne, mkitoka sare mnaingia goldeni skoo, yaani muda wa nyongeza, ambao hauna hata mwisho.

Wale mmewahi kushuka kilo mbili tatu bila kumalizika nguvu, mlianza lini na mlikula nini?

Halafu wanataka judogi (nguo za judo) mbili, nyeupe na ya bluu, mimi niko na nyeupe pekee (mama anasema tuitie rangi tu, eti nani ataona!). Kuna mtu Kisumu ama Nakuru wa kuniazima ya bluu saizi 160?