Gita la nusu-uwazi kwa jazi: ES-335, Casino au AS73?

Nyuzi Sita: Habari zenu ndugu wanachama. Ninatafuta gita la umeme la nusu-uwazi kwa ajili ya jazi, nitakalolipiga katika kundi la watu wanne pamoja na drami, besi na saksafoni. Nimebakiwa na machaguo matatu: Gibson ES-335 iliyotumika, Epiphone Casino mpya na Ibanez AS73. Naomba mnilinganishie sauti kwanza. Bei zake ninazifahamu.

Fundi wa Tanga: Ndugu, kabla ya kulinganisha majina, chungulia ndani ya tundu la herufi f. ES-335, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, ina gogo la mbao linalopita katikati ya mwili, na pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) pamoja na daraja linalobeba nyuzi vimekaa juu ya gogo hilo, hivyo ni mabawa ya pembeni tu yaliyo wazi. AS73 imejengwa kwa mpango huohuo. Casino, ingawa kwa nje inafanana nazo sana, haina gogo lolote. Ni sanduku tupu lililo jembamba. Kwa hiyo unachagua kati ya aina mbili, si tatu. Gogo ndilo linalozuia ubao wa juu usitikiswe na sauti ya spika, na bila hilo, ukipandisha amplifaya ili usikike juu ya drami, noti za chini huanza kuvuma zenyewe. Dukani, lipige kwanza bila waya: Casino itasikika wazi chumbani, 335 itasikika kidogo tu.

Dada wa Besi: Nakubaliana na fundi kuhusu uvumaji, lakini Casino isiondolewe haraka hivyo. Mpiga gita wa jazi Grant Green alipiga Gibson ES-330, ambayo ni ndugu wa Casino, na katika rekodi zake za kampuni ya Blue Note za mwanzoni mwa miaka ya 1960 kila noti huanza kwa ukali na kuzimika mapema, jambo linalotuachia sisi wapiga besi nafasi ya kusikika. Gita lenye gogo huivuta noti kwa muda mrefu, na mpigaji asiyeizima kwa mkono huujaza wimbo mpaka unalemewa. Kasoro ya Casino ninayoiona kubwa ni pikapu zake za P-90 zenye koili moja, ambazo hunguruma karibu na taa za mirija.

Nyuzi Sita: Ahsante sana, dada. Mpiga drami wetu hutumia fimbo karibu usiku kucha, na jukwaa ni dogo kiasi kwamba amplifaya huwa nyuma yangu kabisa.

Mwalimu wa Kodi: Basi Casino itakusumbua. Chukua AS73, na fedha utakayookoa uiweke kwenye amplifaya safi na nyuzi za waya bapa, yaani zilizozungushiwa waya bapa badala ya wa mviringo. Usidhani kwamba gita la aina hii si la jazi halisi, kwa maana mpiga gita wa jazi John Scofield amejenga sauti yake kwa Ibanez AS200, nayo ina gogo. Hata hivyo, usilitarajie likupe mlio wa wapiga gita Joe Pass au Jim Hall wa awali, kwani wao walipiga Gibson ES-175, ambayo ni tupu na nene. Tumia pikapu ya shingoni, punguza toni hadi karibu nusu, kisha sikiliza tena.

Nyuzi Sita: Nimeshawishika, mwalimu. Je, nyuzi za 12 (unene wa uzi mwembamba zaidi, kwa elfu za inchi) zitaiharibu shingo iliyotoka kiwandani na nyuzi za 10?

Fundi wa Tanga: Haziiharibu, ila huivuta ipinde mbele. Chuma cha ndani ya shingo kikazwe robo mzunguko tu, kisha uliache gita hadi kesho yake kabla ya kupima tena. Mikato ya nyuzi pale kichwani mwa shingo nayo ipanuliwe kwa tupa ndogo, la sivyo uzi utakwama na gita halitakaa kwenye tyuni. Ukiona 12 ni nzito kwa vidole, 11 za waya bapa zinatosha kabisa.