Narudi Kigoma kufundisha Kiingereza: nianze na vyeti gani, na darasani niweke nguvu wapi?

BintiUjiji

Wakuu, salaam. Mkataba wangu wa kazi huku nje unaisha mwezi wa sita na siongezi. Narudi nyumbani Ujiji, nataka kufundisha Kiingereza. Nina vyeti vya kidato cha nne na cha sita vya NECTA (Baraza la Mitihani), shahada ya kwanza ya Kiingereza kutoka chuo kimoja cha India, na cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 120 kilichosomwa mtandaoni. Ualimu wenyewe sijasomea. Uraia wangu bado ni wa Tanzania.

Naomba wanaolijua jambo hili wanieleze: kwa vyeti hivi naweza kuingia shuleni moja kwa moja, au nianze na kituo changu cha kozi? Na darasani, mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa aweke nguvu wapi, maana wazazi wengi bado wanaamini Kiingereza hasa ni cha Mzungu?

ChakiNaUbao

Karibu nyumbani dada. Nianze na karatasi, kwa sababu ndizo zinazokwamisha wengi wanaotoka nje, na zinachukua muda kuliko watu wanavyodhani.

Shahada ya nje haisomeki serikalini mpaka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, waitambue. Maombi yanafanyika mtandaoni, kwa hiyo anza ukiwa hukohuko. Andaa cheti, matokeo ya kila mwaka wa masomo, na vyeti vyako vya sekondari. Usitupe pasi ya zamani yenye mihuri ya India; ikiulizwa ulikuwa wapi miaka ile, hiyo ndiyo inakujibia. Vyeti vyako vya sekondari ni vya NECTA, hapo huna kazi. Aliyesoma sekondari nje ndiye anayelazimika kwenda NECTA kulinganishiwa.

Hakikisha majina yanafanana kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Kosa la kawaida ni jina la tatu: cheti kimoja kina la babu, kingine halimo, cha tatu limeandikwa kwa herufi tofauti. Mfumo hauna macho ya kujua kwamba ni wewe yuleyule. Hilo linamalizwa kwa kiapo cha mwanasheria, na ni afadhali ukimalize kabla ya kutuma ombi lolote.

Sasa kuhusu cheti cha saa 120. Kitunze, kina faida darasani, lakini hapa hakihesabiki kama cheti cha ualimu. Hata CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, ambayo ni nzito zaidi kwa sababu mwanafunzi wake hufundisha darasa la kweli kwa saa sita akiangaliwa, haikuingizi kwenye orodha ya walimu. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka anayefundisha shuleni awe amesajiliwa, au awe na leseni ya kufundisha. Wenye shule binafsi wanaweza kukupokea kwa sababu unazungumza vizuri, lakini mkaguzi akija ataomba karatasi, na anayeondoka ni wewe.

Njia yako fupi ni stashahada ya uzamili ya elimu, ile wanayoiita PGDE. Ni ya mwaka mmoja na ni ya watu wa aina yako hasa, wenye shahada isiyo ya ualimu. Chuo Kikuu Huria wanaitoa, na kituo chao kipo Kigoma, kwa hiyo huna haja ya kuhamia Dar. Ila hawatakupokea kabla TCU hawajaitambua shahada yako, ndiyo maana nimeanza na TCU.

Ukitaka serikalini, maombi ni kwa Sekretarieti ya Ajira na siku hizi walimu nao wanafanyiwa usaili. Angalia pia kikomo cha umri kwenye tangazo. Wengi wanaorudi wakiwa wamechelewa hukwama hapo. Na usilichukue suala la uraia kirahisi. Aliyekwisha kuchukua uraia wa nje anahesabika mgeni, na taratibu zake ni nyingine.

MwishoWaReli

Mkuu hapo juu kamaliza ya vyeti. Nitasema ya darasani.

Dada, kwamba Kiingereza hukuzaliwa nacho ni faida, na uitumie kwa makusudi. Makosa ya wanafunzi wa huku hayaji ovyo. Yanatoka kwenye Kiswahili na Kiha, na anayezijua lugha hizo huliona kosa kabla halijatoka mdomoni. Mzungu atasikia tu kwamba sentensi imeharibika.

Chukua swali la kukanusha. Ukimuuliza mtoto "Haven't you eaten?" atajibu "Yes", kwa sababu Kiswahili hukubaliana na swali: "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Kiingereza hukubaliana na hali yenyewe, kwa hiyo ambaye hajala husema "No". Usipolifundisha hili wazi, mtu atafika chuo kikuu akiwa bado anawachanganya watu.

Saa ni hivyohivyo. Mshale mfupi ukiwa kwenye 8, sisi tunasema saa mbili. Tunasoma namba inayotazamana na mshale. Chora saa kubwa ubaoni, waambie waisome namba inayoguswa. Wakizoea, ndipo uwafundishe kuongeza au kutoa sita kichwani. Ukianza na hesabu ya sita, nusu ya darasa itapotea.

Yapo maneno yetu yanayobeba kazi mbili. "Azima" ni kukopa na kukopesha, kwa hiyo utasikia "borrow me your pen". "Sikia" tunaisikia njaa, tunaisikia harufu, na mtoto ataandika "I hear hunger". "Nina miaka 20" inakuwa "I have 20 years". Na "yeye" haina mume wala mke, ndiyo maana mwanafunzi anamsimulia mama yake kwa "he" ilhali tofauti anaijua kwenye karatasi. Dawa yake ni mazoezi ya mdomo, dakika tano kila kipindi: onyesha picha ya mtu, wanafunzi waseme sentensi tatu mfululizo kuhusu mtu huyo bila kusimama.

Matamshi usiyaendee kwa kuiga lafudhi ya London au Marekani. Lengo ni kueleweka. Anza na vitu vitatu.

Cha kwanza, irabu inayoongezwa mwishoni. "Book" inakuwa "buku", "big" inakuwa "bigi". Kumwambia mtu "usiongeze i" hakusaidii, mdomo wake haujui kufunga. Unganisha na neno linaloanza na irabu: "look at it", "big egg". Mdomo unapata irabu inayoitaka, ila ni ya neno linalofuata. Akishazoea, ondoa neno la pili, "big..." na aishie hapo. Ukiliacha kosa hili linaharibu na mkazo, maana Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Sikiliza "hospitali": mkazo uko kwenye "ta". Kiingereza kinakaza mwanzo, "hos". Anayepeleka mkazo wa Kiswahili kwenye Kiingereza hata akijua maneno yote hasikiki vizuri.

Cha pili, "th". Hapa tuna bahati, Kiswahili kina "thamani" na "dhahabu". Lakini watu wengi wa bara wanasema "samani" na "zahabu". Warudishe kwanza kwenye Kiswahili: ncha ya ulimi ionekane kati ya meno, waseme thamani na samani kwa zamu, kila mtu amtazame mwenzake mdomoni. Ikikaa hapo, "think" na "this" zinakuja zenyewe.

Cha tatu, "ship" na "sheep". "I" yetu iko karibu na ya "sheep". Mwambie mwanafunzi aanze na "i", ailegeze kuelekea "e", asimame katikati. Na "cat", "cut" na "cart" zote zitatoka kama "kat". Hizo zifundishe ndani ya sentensi, zikiwa peke yake zinachosha bure. L na r pia zitakusumbua huku kwetu. Zipe dakika chache kila siku, usizipe kipindi kizima.

MamaMwandiga

Mimi naongezea ya kituo, kwa sababu naona ndiko utakakoanzia wakati karatasi zinazunguka.

Pata barua ya serikali ya mtaa, sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN (namba ya mlipakodi), kisha leseni ya biashara Manispaa. Kabla ya kubandika tangazo pita kwa afisa elimu umweleze unafundisha nini na kwa nani. Ukiwa na watoto wa shule bila yeye kujua, malalamiko ya mtu mmoja yanatosha kukufungia.

Ubao: karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, rangi nyeusi ya ubao mikono miwili, iache ikauke vizuri kati ya mkono na mkono. Ukiwahi kuandika, chaki itateleza na haitaonekana nyuma. Wanafunzi wasizidi 15 kwa darasa la kuzungumza. Wakifika 30 kila mmoja anapata dakika mbili tu za kusema kwa saa nzima, na wanachojifunza ni kunyamaza.

Na nakuomba sana, usiandike "Kiingereza kwa miezi mitatu". Cambridge wanakadiria saa 180 hadi 200 za kufundishwa kufika kiwango cha A2 (cha mazungumzo ya msingi), na 350 hadi 400 kufika B1 (cha kati). Darasa la saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 12, ni saa 120. Mtu wa kuanzia sifuri hajafika hata A2. Mwambie hivyo siku ya kujiandikisha. Atakayebaki atalipa na muhula wa pili.

Msimu mzuri ni kuanzia mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa hadi Januari. Watoto waliosoma kwa Kiswahili miaka saba wanakwenda kukuta fizikia na jiografia kwa Kiingereza. Usiwape hadithi, wape lugha ya maswali ya mtihani: define, state, explain, compare, na tofauti ya jibu la kila moja. Ndipo wengi wanapopoteza alama wakiwa jibu wanalijua.

BintiUjiji

Asanteni sana, nimeshaanza kukusanya vya TCU. Mawili zaidi. Mjini kuna Wakongo na Warundi wengi wanaotaka Kiingereza. Niwaweke darasa moja na wetu? Na ratiba ya jioni ianze saa ngapi?

MwishoWaReli

Wachanganye, tena waketishe kwa mpango. Waliosoma kwa Kifaransa hawakosei "he" na "she", maana "il" na "elle" wanazo. Mketishe mmoja na mtoto wa Ujiji. Wao watakuletea "the life is hard", na watadhani "library" ni duka la vitabu kwa sababu ya "librairie". "I have 20 years" wataikosea wote pamoja, Kifaransa nacho kinasema hivyohivyo, kwa hiyo hiyo ifundishe mara moja kwa darasa zima. Na Kirundi na Kiha vinasikilizana; mahali Kiswahili kinapogoma, tumia Kiha bila aibu.

MamaMwandiga

Saa kumi hadi saa kumi na mbili. Kigoma tuko magharibi mwa nchi, jua linachelewa kuzama, Magharibi inakaribia saa moja, kwa hiyo mtu anamaliza, anatawadha na kuwahi msikitini bila kukimbizana. Ramadhani sogeza lianze saa tisa na upunguze liwe la saa moja na nusu.

Ukipata wavuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga, usiwape ratiba ya wengine. Wanavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo hawaendi ziwani. Waandikie darasa la siku hizo, asubuhi na jioni mfululizo, na giza likirudi wape karatasi za kusoma tu. Wake zao na wanaoanika dagaa wako bize tangu kunapokucha mpaka mchana. Hao waweke saa kumi.

BintiUjiji

Nimeandika yote daftarini. Nikishatuma ombi TCU nitarudi hapahapa kuuliza kuhusu chumba, natafuta maeneo ya Mwanga au Gungu.