Habari za wizi wa mifugo: kabila la washukiwa litajwe au liachwe?

Meza ya Habari, Soroti
Ndugu zangu, taarifa za polisi kuhusu uvamizi wa wezi wa mifugo katika wilaya za Katakwi na Kapelebyong, huku kwetu Teso, mashariki mwa Uganda, huja na maneno "wanaoshukiwa kuwa Wakaramojong", yaani wafugaji wa eneo jirani la Karamoja. Tukiyasoma hewani hivyo hivyo, vibarua wa Kikaramojong walioko mjini huangaliwa kama wezi. Tukiyaondoa, wasikilizaji wanapiga simu kuuliza tunamficha nani. Tuandikeje?

Mhariri wa zamu
Kabla ya kuandika, muulize msemaji wa polisi: mmejuaje? Kuna aliyekamatwa, kuna shahidi, au ni nyayo tu? Akijibu "inajulikana", kabila halina msingi, liondoe. Lakini usiache pengo. Weka kijiji, saa, idadi ya ng'ombe, silaha, na nyayo zilikoelekea. Kwa mfano: "Watu wanne wenye bunduki walichukua ng'ombe 12 saa nane usiku, wanajeshi wamefuata nyayo hadi mpakani mwa wilaya ya Napak." Mfugaji anajua alinde upande gani, na hakuna kabila zima lililoshtakiwa.

Mwandishi wa Moroto
Naongeza: Karamoja kuna Wajie, Wabokora, Wamatheniko, Wapian, Wadodoth, na mpakani kuna Wapokot na Waturkana. Neno moja linawabeba wote, pamoja na wale walioibiwa. Na walioibiwa huku ni wengi mno! Operesheni ya jeshi ya kukusanya silaha, Usalama Kwa Wote, ilipoanza Julai 2021, vijiji vya Karamoja vyenyewe vilikuwa vinaporwa. Redio inayotangaza uvamizi wa Teso peke yake inapotosha hata kama kila sentensi ni kweli.

Mkufunzi
Kuliondoa kabila peke yake hakutoshi. Marekani, Franklin Gilliam na Shanto Iyengar walichapisha utafiti mwaka 2000: baadhi ya watazamaji walionyeshwa habari ya uhalifu isiyo na sura ya mshukiwa. Zaidi ya nusu yao walidai wameiona, na wengi wa hao wakasema alikuwa mtu mweusi. Pengo lilijazwa na habari za miaka yote ya nyuma. Kwa hiyo acheni ile picha ya maktaba ya mchunga mifugo mwenye bunduki mnayoibandika kwenye kila habari. Tena fuatilieni kesi mpaka hukumu, kwa uzito uleule wa siku ya kukamatwa. Vijana watano wa kesi ya ubakaji ya Central Park, New York, walikamatwa 1989 kwa vichwa vikubwa vya habari; hukumu zao zilifutwa 2002. Katiba yetu, ibara ya 28(3)(a), inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe.

Meza ya Habari, Soroti
Na uvamizi ukiwa wa kulipiza kisasi kati ya makundi mawili?

Mhariri wa zamu
Hapo kundi ni sehemu ya habari. Taja yote mawili kwa majina yao halisi, eleza kisasi kilianzia wapi, na umpigie mzee wa kila upande kabla ya kwenda hewani.