"Wino uliisha?" Ndivyo alivyoniambia mbele ya kikao kizima!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Nimetoka kikaoni sasa hivi. Yule bwana mkubwa mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Wiki tatu nimekesha na mwonekano mpya wa taasisi. Bluu iliyokoza ndiyo mama, 60 kwa mia. Nyeupe 30. Njano 10 tu, ya kukolezea, hesabu ambayo kila msanifu anaanza nayo. Njano nimeiweka kwenye nukta ya nembo na kitufe cha "Jiunge", jicho lijue pa kutua. Nawasha projekta, mheshimiwa anakunja uso: "Mbona njano kiduchu hivi? Wino uliisha?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhasibu kacheka mpaka kamwaga chai. Wino uliisha! Mimi!

Bendera ya Taifa si anaipigia saluti kila siku? Njano yake inabeba madini yote ya nchi hii, na ni mistari miwili myembamba pembeni mwa ule mweusi. Mbona haulizi kama wino uliisha?

Sasa ameamuru bango lote liwe njano, namba za simu nyeupe. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari kwa mwangaza, angalau 4.5 kwa 1. Hiyo yake haifiki hata 2! Atapigiwa na malaika.

Kipanga wa Tandale: Pole mkuu. Ila kweli, wino uliisha? Hahahaaa

Mchapa Mabango: Wewe umechekwa tu, mimi sijalipwa! Mteja kaja na rangi ya chungwa inayowaka kwenye simu. Nikamwambia mashine yangu inachanganya wino wa rangi nne, ule mwanga wa kioo hautoki. Kaliona bango, kasema nimemwibia, kaondoka zake.

Msimbazi Damu: Huyo bosi ni Utopolo, mtu wa Yanga. Subiri, kesho ataomba na kijani.

Mwana Jangwani: Njano imekukosea nini wewe? Nyie wekundu mna wivu.

Mama Sada: Afadhali nyie. Kamati ya harusi ya shemeji yangu ilisema sare ni bluu bahari. Nimenunua mita sita, leo wanasema rangi imebadilika, sasa ni zambarau na dhahabu!

Kipanga wa Tandale: Mita sita? Unashona gauni au turubai?

Mama Sada: Koma wewe, mimi na mabinti zangu wawili.

Mwanzisha uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mbele ya watu 14! Wino uliisha!

Mchapa Mabango: Mama Sada, hicho kitambaa unauzaje? Mke wangu ana sendofu Jumamosi, na wao ni bluu bahari.

Mama Sada: Njoo PM baba.