Mjadala: Mfuko wa karo wa mtaa uende kwa wakfu wa jamii, au ubaki mikononi mwetu?

Mkazi wa Umoja
Mahakama Kuu ilisema Septemba 2024 kwamba sheria ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge unaotoa basari, inakiuka katiba, na Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti akazibana kaunti kuhusu basari. Tangu hapo vikundi vingi vya Eastlands, Nairobi, vinataka mfuko wao wa karo. Kuna wanaosema pesa ziwekwe kwa wakfu wa jamii kama KCDF (Kenya Community Development Foundation), ambao upo tangu 1997. Kikundi, familia au kampuni hufungua mfuko wake humo, pesa zinawekezwa, na ruzuku inatolewa kutokana na faida. Wengine wanasema harambee na Paybill, namba ya M-Pesa ya kupokea michango, vinatosha. Mimi niko upande wa wakfu. Harambee huisha viti vikikunjwa. Na tuambiane ukweli, kina mama wa chama, kikundi cha kuchangishana, ni hodari wa kuzungusha pesa kila mwezi, lakini mtaji wa kudumu hawauwezi.

Mweka Hazina
Kaka, umeanza vizuri ukamalizia na matusi. Unajua chama kinavyoendeshwa? Pesa zinahesabiwa mezani, kiasi kinasomwa kwa sauti, mwanachama anatia saini kitabu chake na cha kikundi. Zinazobaki zinaenda benki kesho yake, na stakabadhi ya benki inabandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano unaofuata. Waweka saini watatu, na hakuna kinachotoka bila wawili. Kamati zenu za harambee je? Pesa zote kwa simu ya mwenyekiti.

Karani wa Vitabu
Hilo la simu ya mwenyekiti lisipite hivi hivi, ndilo linaloua michango mingi Nairobi. Mwenye laini akifariki, pesa hizo zinahesabiwa kuwa mali yake, kwa kuwa laini ina jina lake. Familia isipokubali kuziachilia, kikundi kinasubiri barua za usimamizi wa mirathi huku watoto wakirudishwa nyumbani kwa karo. Kikundi kijisajili chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, wanachama wasipungue 10, kifungue akaunti ya benki, kisha Paybill iunganishwe na akaunti hiyo.

Halafu kuna makosa madogo. Mahali pa kuandika akaunti, kila mchangaji anaandika jina lake mwenyewe. Mwisho wa mwezi kuna 340,000 na hakuna ajuaye ipi ni ya karo na ipi ni ya mazishi. Tangazeni neno moja fupi, KARO au MSIBA, basi. Kila Ijumaa mtu mmoja alinganishe taarifa ya M-Pesa na ya benki, na mtu mwingine, asiye yeye, aweke saini.

Mkazi wa Umoja
Sikumtukana mtu. Nilisema mtaji wa kudumu ni kazi nyingine na bado nasema hivyo. Dada, kuhesabu pesa vizuri si sawa na kuzilinda miaka 30.

Mweka Hazina
Ulisema hawauwezi. Maandishi yako yako juu hapo.

Mzee wa Hesabu
Vijana, mnagombania nani ashike pesa kabla ya kujua zitazaa nini. Chukueni milioni 2. Tuseme zimepata riba ya asilimia 10, ni 200,000. Serikali inakata asilimia 15 ya riba, zinabaki 170,000. Bei zikipanda kwa asilimia 5, lazima urudishe 100,000 kwenye mtaji ili milioni 2 za leo zibaki na nguvu ile ile. Umebaki na 70,000. Wakfu ukitoza asilimia 2 ya mtaji kwa mwaka, toa 40,000. Sasa una 30,000. Karo rasmi ya bweni kwa shule ya kitaifa ni 53,554. Yaani milioni 2 nzima haijamsomesha mtoto mmoja!

Watu hawaambiwi hivi siku ya kuchanga. Wanaahidiwa mfuko wa milele, mwaka wa pili wanauliza watoto waliosomeshwa wako wapi, hasira zinaanza, na mtaji unaliwa.

Karani wa Vitabu
Mzee, hesabu ni sawa ila kuna mahali pa kurekebisha. Taasisi yenye cheti cha KRA cha msamaha wa kodi inaweza kuomba riba yake isikatwe, na hapo zile 30,000 zilizokatwa kama kodi zinarudi. Cheti hicho kina faida nyingine: kampuni ikichangia taslimu taasisi iliyo nacho, inaweza kuondoa mchango huo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Ikichangia kikundi kisicho na cheti, haipati kitu. Ndiyo maana meneja anakusikiliza vizuri, anakunywa chai yako, halafu anatoa 5,000 za mfukoni mwake. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kwenda kwa wakfu.

Sauti ya Mathare
Na asilimia za usimamizi je? Nasikia ni 10. Huo ni wizi.

Karani wa Vitabu
Asilimia 10 ya nini? Hilo ndilo swali, na jibu litoke kwa maandishi. Asilimia 10 ya pesa zinazopita tu, zinazokatwa mara moja na kugawanywa mwaka huo huo, kikundi kinaweza kuvumilia ikiwa wakfu ndio unaokagua wanafunzi na kulipa shule moja kwa moja. Asilimia 10 ya mtaji kila mwaka ni kuumaliza mfuko. Ulizeni pia nani anamlipa mkaguzi wa hesabu, na kikundi kikitaka kuondoka kinarudishiwa nini.

Sauti ya Mathare
Mafuriko ya 2024 yalipobomoa nyumba, nani alikuwa na muda wa kungoja bodi ikutane? Kenyans for Kenya, kampeni ya kusaidia walioathiriwa na njaa ya 2011, ilikusanya mamia ya mamilioni bila mfuko wa milele.

Mzee wa Hesabu
Kwa mafuriko uko sahihi kabisa, dada. Dharura ni ya harambee. Karo inajulikana mwaka mzima kabla. Wagawanye: katika kila shilingi 100, 70 zilipe karo mwaka huo, 30 ziende kwenye mtaji usioguswa. Watoto wanaonekana shuleni, na mtaji unakua polepole.

Mkazi wa Umoja
Nakubali mgawo huo. Hati iandikwe wazi basi: pesa ni za watoto wa sekondari wa wadi yetu, milele, na lisibadilishwe neno.

Karani wa Vitabu
Milele usiandike. Wakfu wa kwanza wa aina hii, ule wa Cleveland, Marekani, uliundwa 1914 na Frederick Goff kwa sababu hiyo. Kampuni yake ilishika pesa za marehemu zilizofungwa kwa makusudi yaliyokwisha pitwa na wakati. Akaunda kamati yenye mamlaka ya kugeuza matumizi. Andikeni "elimu ya vijana wa wadi", na kifungu cha kubadilisha kwa theluthi mbili ya kamati.

Mkazi wa Umoja
Na kwenye kamati hiyo mwakilishi wadi awemo. Yeye ndiye ataleta nusu ya pesa.

Mweka Hazina
Hapo sasa ndipo unapotupeleka! Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 iliwabana kuhusu harambee, Rais mwenyewe akatangaza kuwazuia Julai 2024, na wewe unataka kumpa kiti. Orodha ya basari itasomwa kwenye mkutano wa kampeni.

Mkazi wa Umoja
Atoe pesa na asiwe na neno? Nani atakubali?

Mweka Hazina
Mwandikie stakabadhi, msomee hesabu kama mchangaji mwingine yeyote. Jina lake lisiende benki. Na waweka saini wawili kati ya watatu watoke kwa kina mama wale wasioweza mtaji.