Mwanangu analia kila haja kubwa ikimjia, naomba ushauri

MamaMikindani:
Assalaam aleikum na habari za jioni wenzangu. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi mitatu. Hii ni wiki ya tatu choo kinamtesa. Hupita siku nne, mara tano, hajaenda. Haja ikimjia anakimbilia nyuma ya pazia, anashika kiti, anasimama kwa ncha za vidole, miguu ameibana na jasho linamchirizika. Analia, "Mama hapana, mama hapana!" Leo kimetoka kikubwa, kigumu kama jiwe, na uzi mwembamba wa damu juu yake. Nimelia naye.

Asubuhi hula hamri na maziwa ya chupa, mchana wali, jioni maziwa tena, na usiku hakubali kulala bila chupa. Mboga anazitema. Mavyaa wangu ananiambia nimtie kipande cha sabuni, jirani anasema mafuta ya mbarika. Roho yangu haitaki. Kuna aliyepitia haya?

BintiKisauni:
Pole sana dadangu. Wangu alikuwa vivyo hivyo mwaka jana. Kilichomsaidia ni papai lililoiva vizuri kila asubuhi na mbaazi za nazi, nilikuwa nazipondaponda anakula na hamri lake bila kujua kama ni dawa. Na maji, kidogo kidogo kutwa nzima. Joto hili la kaskazi linawakausha watoto.

BabaWawiliLikoni:
Hiyo chupa ni ya mililita ngapi, na kwa siku anamaliza ngapi? Na je, kuna dawa ya kuongeza damu anayokunywa? Nayo hufanya choo kigumu.

MamaMikindani:
Dawa hana. Chupa ni ya 250, anamaliza nne.

NesiMstaafu:
Hiyo ni lita nzima mwanangu, tumbo litapata wapi nafasi ya chakula? Kwa umri wake maziwa yasizidi nusu lita kwa siku, na ayanywe kwa kikombe.

Sabuni usimtie, nakuomba. Inachoma, na hapo tayari pamechanika. Hiyo damu nyekundu juu ya choo mara nyingi hutokana na mchaniko mdogo. Mbarika nayo itamsokota tumbo, na maumivu ndiyo anayoyakimbia.

Sasa nisikilize hapa. Akisimama kwa vidole na kubana miguu, wazazi wengi hudhani anasukuma. Hasukumi, anazuia. Siku moja kilimuuma, akakumbuka, akaanza kukizuia. Choo kikikaa ndani, utumbo unazidi kukifyonza maji, kinakuwa kikubwa na kikavu, kikitoka kinamchana tena. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukilainisha mpaka asahau uchungu. Papai na mbaazi ni vizuri, mpe, lakini mtoto aliyefika hapo chakula peke yake mara nyingi hakimtoshi. Mpeleke kwa daktari apimwe uzito aandikiwe dawa ya kulainisha, kama laktulosi au makrogoli. Usimkatishe siku anapoanza kupata choo vizuri. Watu wengi hukosea hapo, wiki ya pili wanarudi palepale. Wengine huhitaji miezi.

Kama umeshaanza kumfundisha poti, mwache kwanza, mrudishie nepi. Akishatulia, mkalishe dakika tano baada ya kula, maana tumbo likipokea chakula ndipo utumbo wa chini unaposukuma. Mwekee kigoda miguuni, magoti yapande juu ya kiuno. Usimkaripie hata akichafua nguo: choo kikijaa sana, chepesi huvuja pembeni bila yeye kujua.

Usingoje hata usiku upite ukiona tumbo limevimba na anatapika, au ana homa na hataki kula, au damu ni nyingi. Na hili ulijibu: alipozaliwa, choo cha kwanza alikipata siku ileile?

MamaMikindani:
Ndiyo, siku ileile, na alikuwa vizuri hadi juzijuzi. Ahsante sana mama, hilo la kuzuia sikulijua kabisa. Mimi nilikuwa nasimama pembeni namwambia "sukuma baba, sukuma".

MamaMikindani (siku kumi baadaye):
Narudi kuwapa habari. Daktari alimgusa tumbo, akasema kimejaa, akamwandikia laktulosi. Siku ya tatu kikatoka laini, akageuka kukitazama, akasema, "Haijauma." Tangu hapo anaenda kila siku au siku moja baada ya nyingine. Mavyaa nilimweleza taratibu habari ya mchaniko, akanyamaza, kesho yake akaja na papai. Dawa tunaendelea nayo, tutarudi kliniki baada ya wiki mbili. Maziwa nimeyafikisha vikombe viwili. Chupa ya usiku tu ndiyo bado ananililia, aliyefaulu kuiachisha anieleze alianzaje.