Pesa ya safari ya Zanzibar iliyovunjika kwa korona 2020, bado naweza kudai? Naombeni ushauri, matusi hapana

MamaViazi (Mbeya)
Habari za majukumu wakuu. Humu nimekuwa msomaji tu, kuandika ndiyo mara yangu ya kwanza, hivyo mnivumilie.

Nauza viazi Mwanjelwa. Tuna kikoba cha akina mama 12. Desemba 2019 tulipovunja kikoba tukasema jamani, kila mwaka tunagawana pesa zinaishia kwenye mabati na masufuria, mwakani na sisi tukapumzike. Tukakubaliana Pasaka ya 2020 twende Zanzibar. Kila mmoja laki tatu na nusu, jumla milioni nne na laki mbili. Wakala wa safari alikuwa na ofisi Kabwe, akatupangia kila kitu: basi mpaka Dar, boti, hoteli siku tatu, kutembezwa Mji Mkongwe na kwenye mashamba ya viungo. Na sare tukashona, kitenge cha zambarau.

Machi korona ikaingia, safari ikafa. Wakala akasema tuwe wapole, hali ikitulia tutakwenda. Hali imetulia zamani, ofisi yake siku hizi ni duka la vipodozi, mwenyewe nasikia yuko Tunduma kwenye mambo ya mizigo. Sasa mwaka huu tumechagua katibu mpya, binti msomi, anapekua madaftari yote tangu kikoba kianze. Tunavunja Jumamosi ya wiki ijayo. Mweka hazina ni mimi. Silali.

Naweza kumdai huyu mtu pesa yote baada ya miaka yote hii? Na naanzia wapi, polisi au mahakamani?

BabaKitonga
Anzia stendi, panda gari la Tunduma. Ila wahi, mtu akishahamia kule ujue mguu mmoja uko Zambia 😂

WakiliWaKijiweni
Dada yangu, kunywa maji kwanza. Mimi si wakili, nimepiga chapa kwenye ofisi ya wakili miaka tisa, kwa hiyo chukua ninachosema kwa kipimo hicho. Kabla sijasema kitu nataka kujua: safari aliivunja nani, nyinyi au yeye? Kuna karatasi? Na tangu 2020 amewahi kukurudishia chochote, hata elfu kumi?

HajiWaIgurusi
Mimi yangu ilikuwa Umra. Nimelipa, nimechanjwa, begi liko mlangoni, tarehe 27 Februari 2020 Saudia wakasitisha kupokea watu wa Umra kutoka nje. Mke wangu alilifungua lile begi kimya kimya akarudisha kanzu kabatini moja moja, hakusema neno. Nikasema basi nitasubiri Hija, nayo mwaka ule wakaruhusu wachache waliokuwa tayari mle ndani ya nchi yao. Waliotuandalia safari walinirudishia karibu zote, wakakata za viza. Sikugombana nao. Riziki ya mtu haipotei, mama, huchelewa tu.

BabaKitonga
Haji, zako zilirudi ndiyo maana huchelewi kusema haipotei.

MamaViazi
Asanteni. Safari ilivunjwa na korona, si sisi wala si yeye. Karatasi ipo, risiti ya kuandika kwa mkono ina muhuri wake, "malipo ya safari watu 12". Si ya mashine ya kodi, EFD. Polisi nilishakwenda, wakaniambia hayo ni madai, nenda mahakamani.

Kinachoniuma wengine wetu hatujaiona bahari mpaka leo, tunaishia Matema kuangalia ziwa. Kuna mama yetu mmoja mtu wa Busokelo, ndiye mkubwa wetu, alinunua ndala mpya kwa ajili ya mchanga wa Zanzibar. Ziko juu ya kabati lake kwenye mfuko wa nailoni, hajazivaa hata siku moja.

WakiliWaKijiweni
Ndala nimezisikia. Swali la tatu hujajibu.

MnyaluWaKihesa
Kamwene nyote. Mimi harusi yangu ilikuwa Aprili 2020 hapa Iringa. Ukumbi nimelipa laki nane, mikusanyiko ikakatazwa. Mwenye ukumbi akasema pesa haturudishi, chagua tarehe nyingine. Nikachagua Oktoba. Kufika Agosti mchumba naye akawa amechagua mtu mwingine. Nikarudi kwa mwenye ukumbi, akanionyesha daftari: haturudishi. Mwisho tarehe nikamuuzia binamu yangu kwa laki tano, na kwenye harusi nikapewa kazi ya kusimamia vinywaji. Ulanzi nilioumaliza siku ile nausimamia mpaka leo.

Kwa hiyo mama, uza hiyo safari. Tafuta mtu anayetaka kwenda Zanzibar.

KijanaWaMakete
Huku Uingereza mambo yamenyooka. Ukinunua safari nzima kwa pamoja, ndege na hoteli, ikifutwa wanatakiwa wakurudishie ndani ya siku 14, ni kanuni za 2018. Ndege peke yake ni siku 7. Wakati wa korona wengi walisukumiziwa vocha wakasubiri miezi, lakini angalau unajua unadai nini. Bongo bado sana.

BabaKitonga
Mdogo wangu, mama kauliza Kabwe wewe unamjibu toka Birmingham. Zimefika zile suruali za mitumba?

MamaViazi
Sawa. Nilijua mtanibana tu.

Septemba 2020 alinitumia milioni mbili na laki moja. Kwa simu, mara mbili siku moja. Akasema hiyo ni nusu, nusu nyingine hoteli imekula kama dhamana, anaifuatilia. Ilikuwa tarehe 9, mbolea ndiyo inanunuliwa, mvua ziko mlangoni. Nikasema niizungushe msimu mmoja tu, Februari nikivuna nigawe ikiwa imezaa. Wangekuwa wamekaa nayo wao ingekwisha kwenye sare za shule. Nikapanda ekari mbili. Januari ukungu ukaingia. Jumatatu shamba la kijani, Ijumaa kama limemwagiwa maji ya moto. Nilichovuna hakikujaza lumbesa kumi, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi.

Sikula pesa ya mtu. Nilikuwa naitafutia faida kikoba. Na sikuwaambia kwa sababu sikutaka waanze kugombania nusu wakati nusu nyingine inakuja. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Sasa nikilipwa pesa yote na huyu wakala nawapa zao kamili, nani atakuwa ameumia? Yeye anafanya biashara ya mizigo, anazo. Barua ya madai nilishaiandika, milioni nne na laki mbili, nimempa dereva wa Tunduma tangu juzi. Kwa hiyo msinishauri kuhusu barua, nishaurini kuhusu mahakama.

MchungajiMtarajiwa
Dada, hapo umedai mara mbili pesa ambayo nusu uliila kwa viazi. Aliyeumia ni yule mama wa ndala. Nenda kapige magoti mbele ya wenzako kabla hujapiga hodi mahakamani.

DadaWaSokomatola
Na nyie wanaume wa humu! Mangapi mmekula ya vikundi na hamjaandika hata mstari? Angalau huyu kasema. Mimi mweka hazina wetu alihamia Njombe na sanduku, na funguo zote tatu!

WakiliWaKijiweni
Nashukuru kwa kusema. Sasa nisome taratibu, kwa sababu unaificha dawa ukidhani ni sumu.

Kesi ya mkataba ina ukomo wa miaka sita, iko kwenye Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Pasaka ile ilikuwa 12 Aprili 2020, maana yake Aprili 2026 mlango unafungwa. Lakini mdaiwa akilipa sehemu ya deni, hesabu inaanza upya siku aliyolipa. Ile miamala ya Septemba inakusogeza mpaka Septemba 2026. Na inafanya zaidi ya hapo: inaonyesha kwamba mwenyewe alikubali kuna deni. Risiti ya mkono anaweza kuikana, akasema muhuri umechongwa. Muamala wa simu ataukanaje? Hiyo milioni mbili unayoificha ndiyo shahidi wako.

Upande wa pili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56 kinahusu mkataba uliokuja kushindikana kutekelezwa, unabatilika. Cha 65 kinasema aliyepokea faida chini ya mkataba uliobatilika arudishe. Kwa hiyo "hoteli imekula" si jibu la kumaliza, aonyeshe alimlipa nani na lini. Deni kama hilo Mahakama ya Mwanzo inalisikiliza, wanapokea madai ya fedha mpaka milioni 30, kesi ni Kiswahili mwanzo mwisho.

Ila unadai milioni mbili na laki moja. Si nne. Ukisimama na ile barua yako, yeye anafungua simu, anamwonyesha hakimu miamala, na kuanzia dakika hiyo hakuna atakaloamini kutoka kwako. Wale kumi na moja wakisikia, safari hii polisi hawatasema ni madai. Kuna kitu kinaitwa wizi wa kuaminiwa.

MpimaChai
Mnahangaika na sheria, hamjauliza kama kuna kesi. Hii ni chai, tena ya maziwa.

Moja, mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Hizo ndala za 2020 ziliwekwaje humo? Mbili, nchi hii haikufungwa. Shule zilifungwa Machi, Mwenge ukasimamishwa, ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa 11 Aprili mpaka 18 Mei. Mabasi yalitembea, boti zilitembea. Watu wa basi na boti korona iliwavunjiaje safari? Tatu, anasema mara ya kwanza kuandika. Mwezi wa tatu akaunti hii hii ilikuwa inauza gari, Noah, ikajibiwa "kaka bei ya mwisho?" nayo ikasema "kaka njoo na milioni tisa".

Kwangu mimi huyu ndiye wakala mwenyewe. Anapima upepo kama bado anaweza kushtakiwa.

BabaKitonga
Lete vitafunwa 😂😂

MnyaluWaKihesa
Kama ni wakala basi amepewa ushauri wa bure. Wakili wa kijiweni, umemfundisha adui tarehe ya kujificha.

DadaWaSokomatola
MpimaChai wewe sokoni huendi? Marufuku ilikuja, mifuko ya zamani majumbani ilikwenda wapi? Mimi ninayo ya 2015 imekunjwa chini ya godoro.

MamaViazi
Akaunti ni ya mwanangu. Noah ni ya baba yao mdogo. Simu nimeazima mimi, sijui kufungua akaunti. Mfuko ni wa zamani, yule mama hatupi kitu.

Hilo la mabasi ni kweli. Mimi ndiye niliyempigia wakala nikamwambia tusitishe. Kila mtu alikuwa na watoto nyumbani, tungewaacha na nani? Na watu walikuwa wanaogopa kukaa siti moja na mtu anayekohoa, kutoka hapa mpaka Dar! Yeye akasema hata hoteli imenipigia, wamefunga hawana wageni. Nilisema imevunjwa na korona kwa sababu ndivyo nilivyoona. Kama nisingempigia mimi angepiga yeye.

Mkitaka kuamini mimi ni wakala aminini. Wakala angekuwa analala.

WakiliWaKijiweni
Mimi namwamini, na hata kama ni wakala sheria haibadiliki.

Mama, la hoteli kufunga ungelisema mwanzoni. Mkiahirisha kwa woga wenu mko pabaya, anaweza kusema huduma ilikuwepo nyinyi hamkuja. Hoteli ikiwa imefunga, huduma haikuwepo, hata mngefika mngelala bandarini. Alikwambia kwa mdomo au kwa meseji?

MamaViazi
Meseji. Simu ile ndogo ya batani, skrini imepasuka lakini inawaka. Sijawahi kufuta meseji yake hata moja.

WakiliWaKijiweni
Usiifute. Leo hii mwambie mwanao aipige picha, tarehe ionekane. Kisha uende duka la kampuni ya simu uombe taarifa ya miamala ya Septemba 2020. Wakikuambia ni ya zamani mno, mahakama inaweza kuwaagiza waitoe.

MamaViazi
Na ile barua? Nimpigie dereva airudishe au niandike nyingine?

WakiliWaKijiweni
Vyote viwili. Mpya iwe ya milioni mbili na laki moja, utaje na ulizopokea, tarehe na namba. Nakala kwa katibu wenu.

MamaViazi
Kwa katibu kabla ya Jumamosi?

WakiliWaKijiweni
Kabla.

MchungajiMtarajiwa
Na yule mama wa ndala ajue kwako, asisikie kwa katibu.

MnyaluWaKihesa
Samahani kutoka nje ya mada. Mama, vile viazi vilivyopigwa na ukungu vilikuwa mbegu gani? Nataka kulima msimu huu huku kwetu Kilolo.

MamaViazi
Obama. Inazaa sana na wanunuzi wa Dar wanaipenda, ila dawa usichelewe hata siku mbili mvua ikikaza. Mimi nilipiga mara ya kwanza nikasema ya pili wiki ijayo, kwa sababu pesa ya dawa nilishaanza kuihesabu kama faida. Kikondo inavumilia kidogo, ila hailipi hivyo. Mbegu usinunue sokoni, nenda Uyole kwenye kituo cha utafiti uulize. Na wanunuzi usiwauzie kwa lumbesa.

BabaKitonga
Ona alivyojibu haraka 😂